Nani Mwamuzi wa Ngoma?

Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone la Marekani liliitaja Sgt. Pepper's ya Beatles kuwa santuri bora kuliko zote. Mwaka 2020 waamuzi wengine wakaipa taji What's Going On ya Marvin Gaye. Santuri ni zile zile. Waliobadilika ni waamuzi.

Sisi wa Usukuma twayajua mashindano hayo. Katika Bulabo, pale Bujora, Bagika na Bagalu hucheza wakati mmoja, na wavutao watu wengi ndio washindi. Lakini je, wingi ni ushahidi wa uzuri? Chatu mkononi mwa mchezaji aweza kuwavuta hata wasiousikiliza wimbo.

Kusema "hii yanipendeza" ni haki ya kila mtu. Kusema "hii yazipita zote" ni kutoa hukumu, na hukumu yamtaka aliyezisikia zote. Ni nani huyo?