Sauti ya Mwanafunzi na Kalamu ya Mnukuzi

Mwalimu anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyooo!" Mnukuzi anayeisikiliza rekodi aandike "ndiyo" kama ilivyo katika kamusi, au auoneshe ule mvuto wa irabu ambao yeyote aliyesoma Afrika Mashariki anaujua kuwa ni mwitikio wa mazoea? Elinor Ochs alikwisha kueleza mwaka 1979 kwamba unukuzi wenyewe ni nadharia: kinachoachwa nje ya ukurasa hakitachambuliwa tena.

Watafiti wa ujifunzaji hujikinga kwa kuwapa wasimbaji wawili data ileile na kulinganisha misimbo yao. Kapa, kipimo alichokibuni Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa makubaliano ya bahati. Kinga hiyo ni ya lazima. Ikiwa kila msimbaji ametia alama ya "ameelewa" kwenye 90% ya kauli, bahati pekee ingewapatanisha kwa 82%; basi anayejivunia mwafaka wa 85% hana kikubwa cha kujivunia, kwani kapa yake haifiki hata 0.2.

Lakini kapa haimjui mwanafunzi. Wasimbaji waliofunzwa kwa mwongozo mmoja wanaweza kuafikiana kikamilifu kwamba "ndiyooo" ni kuelewa, wakakosea wote wawili. Mtoto aliyesemewa hakuulizwa. Na hapa pana ugumu wa kweli: kanuni za maadili mara nyingi huagiza rekodi ifutwe ili kumsitiri msemaji, ilhali rekodi hiyo ndiyo shahidi wake pekee dhidi ya waliomnukuu.