Udongo Huhama, Haki Haihami

Asimamaye Matema huiona milima ya Livingstone imesimama kama ukuta juu ya Ziwa Nyasa. Zamani za kale nchi hii ilipasuka: upande mmoja ukainuka, bonde likadidimia, maji yakalijaza, hata leo kina chake chafika mita 700 hivi. Wala kazi hiyo haijakoma. Desemba ya mwaka wa 2009 nchi ilitetemeka huko Karonga, nyumba nyingi zikaanguka.

Lakini uwanda wa Kyela, penye mpunga na kakao, watoka wapi? Watoka mlimani. Mlima Rungwe, wenye urefu wa mita 2,960 hivi, zamani ulitapika moto na majivu. Mvua ikayamomonyoa, nayo mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo ikayachukua na kuyaacha karibu na ziwa, tabaka juu ya tabaka. Basi mtu wa Kyela hulima udongo alioletewa.

Tena mto uletao ndio uondoao. Tangu mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka wa 1890 mto Songwe umekuwa mpaka, na leo wagawanya Tanzania na Malawi. Walakini wakati wa gharika huacha mkondo wake na kujichimbia mwingine. Shamba lililokuwa ng'ambo hii laonekana ng'ambo ile. Ndipo majirani huulizana kwa uchungu: Shamba hili ni la nani?

Mithali, sura ya 22, yatukataza tusiuondoe mpaka wa kale. Je, mpaka ukiondolewa na maji? Hapo ndipo moyo hujaribiwa. Mtu asiseme kwamba gharika imempa shamba la jirani. Maji huhamisha udongo, hayahamishi haki.

Naye akaaye juu amkumbuke akaaye chini. Alimaye hata ukingoni na kukata matete na miti hupoteza udongo wake mwenyewe, na mchanga huujaza mto, maji yakafurika kwa mwenziwe. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka wa 2004 yakataza kazi za kudumu, au ziwezazo kuudhuru mto, ndani ya mita 60 za ukingo. Yatupasa kuitii, si kwa hofu ya faini tu, bali kwa kumpenda jirani tusiyemwona.

Udongo ni amana ipitayo mikononi mwetu. Enyi wainjilisti, wafundisheni watu hayo kabla ya masika, wala msingoje gharika. Bwana atusaidie. Amina.