Kamba Ina Ncha Mbili: Nani Alipe Gharama ya Usalama wa Mbwa?

Anayefuga mbwa wa kuwinda ana wajibu wa kumlinda. Hilo halina ubishi mkubwa. Ubishi unaanza tunapouliza: ulinzi huo ulipiwe na nani? Mbwa akifungwa mnyororo kutwa nzima hatagongwa na pikipiki, hatakula sumu ya panya kwa jirani, wala hatanaswa na mtego wa waya msituni. Yuko salama, lakini gharama yote ya usalama huo ameilipa mwenyewe. Katika insha hii najenga hoja kwamba ulinzi wa haki ni ule ambao mzigo wake mkubwa unabebwa na mwenye mbwa, si na mbwa wala na jirani.

Ninamzungumzia mbwa ninayemfahamu. Huku kwetu Ituri, mashariki ya Kongo, wawindaji wa msituni wana mbwa mdogo mwenye manyoya mafupi, masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja juu ya mgongo. Habweki kama mbwa wengine. Wazungu walimpa jina la basenji, na msemaji wa Kiswahili akilisikia jina hilo hutambua mara moja undugu wake na neno “washenzi”. Mbwa huyu huongozwa na pua na macho yake. Akishaanza kufuata harufu ya paa, unaweza kumwita mpaka sauti ikakauka, asigeuke. Sifa inayomfanya apendwe ndiyo hiyo hiyo inayomweka hatarini. Kwa hiyo hatuwezi kumwondolea hatari yote bila kumwondolea na ubasenji wake.

Njia ya kwanza ni kumwachia huru azurure. Wengi huiona njia hii kuwa ya upole, kwa kuwa mbwa anaishi apendavyo. Lakini tuangalie anayelipa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno. Hata jeraha likioshwa kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kama inavyotakiwa, mtoto atahitaji chanjo upesi, na kituo chenye chanjo huenda kiko mwendo wa siku nzima. Basi uhuru wa mbwa asiyechanjwa unalipiwa na mtoto wa jirani aliyetumwa maji. Mbwa naye hulipa, kwa kuwa mara nyingi wanaozurura huishia chini ya magurudumu au kwa kupigwa mawe.

Njia ya pili ni mnyororo. Hapa wanafalsafa wanatusaidia kwa kiasi. Immanuel Kant aliwafundisha wanafunzi wake kwamba hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa wanyama. Anayemtendea mbwa ukatili anauharibu utu wake mwenyewe, na kesho atawatendea watu vivyo hivyo. Jeremy Bentham, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1789, aliweka kipimo mahali pengine: uwezo wa kuona maumivu ndio unaotudai, hata kama mnyama hana lugha wala hoja. Lakini mwenye mnyororo anaweza kuwajibu wote wawili. Atasema: simpigi, namlisha, hana kidonda. Ukatili uko wapi?

Jibu naliona katika hadithi ambayo Waislamu wa pwani na bara wanaijua vizuri, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie chakula ardhini. Ninavyoielewa, uzito wa hadithi hiyo uko kwenye kule kumwachia ajitafutie. Anayemfunga mnyama anajitwika kila kitu ambacho mnyama angejitafutia mwenyewe. Kwa paka wa hadithi, kitu hicho kilikuwa chakula. Kwa mbwa wa kuwinda, chakula ni sehemu tu. Angejitafutia pia mbio, harufu na wenzake. Mwenye mnyororo aliyetoa ugali na maji amelipa sehemu ya deni, na sehemu iliyobaki anaikanusha kwa sababu haionekani kama kidonda.

Njia ya tatu imo katika desturi ya wawindaji wenyewe. Kwa kuwa mbwa wao habweki, humfunga shingoni kengele ya mti kabla ya kuingia msituni. Kengele haimzuii kukimbia. Inamlazimisha mwindaji asikilize na amfuate, apite kwenye matope na miiba, ajue mbwa yuko wapi na kama amenyamaza kwa sababu ya hatari. Wale walioitwa washenzi walikuwa wamekwisha kupata njia ya kumlinda mbwa ambayo gharama yake iko miguuni na masikioni mwa mwenyewe.

Mjini kengele haitoshi, kwa maana pikipiki za Bunia hazisikilizi kengele. Badala yake tuna kamba ya kumtembezea, na kamba ina ncha mbili: aliyeshika ncha moja amefungwa pia. Hawezi kulala wakati mbwa anatakiwa kutembea. Ni lazima aamke alfajiri, kabla barabara haijajaa, na aende kwa mwendo wa mbwa anayenusa kila jiwe. Nyumbani nako aliyemfungia uani anapaswa kuziba matundu ya ua, kuweka kivuli na maji, kuinua sumu ya panya mahali pasipofikika, kutomtupia mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka na kumchoma tumboni, na kumpeleka kuchanjwa. Kuta peke yake hazitoshi. Mwaka 1895 basenji walipelekwa Uingereza na kuonyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts. Walikuwa mbali na chui na mitego, lakini wakafa kwa ugonjwa wa distempa.

Msomaji anaweza kuniuliza: katika mkoa ambao watu wenyewe wanakimbia vita, je, hii si anasa? Swali hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu nimelisikia kwa watu waliofiwa. Nalijibu kwa mambo mawili. Kwanza, mtoto anayeng'atwa si anasa. Kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo hukata maambukizi, kwa hiyo anayemlinda mbwa wake anawalinda na majirani. Pili, sidai kwamba kila mtu afuge mbwa. Wajibu ninaousema unamfika yule tu aliyechagua kufuga, na sehemu yake kubwa hailipwi kwa fedha bali kwa muda. Mwindaji maskini wa msituni anaulipa kila siku, na mwenye nyumba ya ghorofa anaweza kushindwa kuulipa.

Nakubali kwamba mbwa anayetembezwa anaweza bado kuumwa na nyoka, na kwamba kamba huweza kukatika. Ulinzi ninaoutetea hauahidi usalama kamili, na mnyororo utaushinda kwa idadi ya mbwa walio hai. Lakini kama kuwa hai kungetosha, tusingemhurumia mfungwa anayelishwa vizuri. Kabla ya kuleta mbwa wa kuwinda nyumbani, mtu asijiulize tu kama ana ua na chakula. Ajiulize kama ana saa moja ya kutoa kila alfajiri, kwa miaka kumi au zaidi. Asiyekuwa nayo, heri asifuge.