Fimbo Inamfundisha Mtoto Kujificha

Ndugu zangu Waislamu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na nyinyi mnaotafuta riziki Lilongwe, mitaa ya Kawale, Mchesi na Area 25, nisikilizeni. Kila mtoto anapopigwa hadi akavimba na kesi ikafika kwa viongozi wa jamii, hakosekani mtu wa kusimama na kusema kwamba dini yetu imeruhusu. Haulizi mtoto amefanya nini. Haulizi kilichotumika ni mkono au ni waya. Anataja Hadithi moja, tena nusu yake, na baraza linatawanyika. Kambi hii ilipangwa kwa watu wasiozidi 12,000 na sasa ina zaidi ya 50,000. Nyumba zimebanana, ukuta wa udongo hauzuii kilio, kwa hiyo hakuna kati yetu anayeweza kusema hajui. Tunasikia, tunaongeza sauti ya redio. Na linaloniuma kuliko kilio chenyewe ni kumtwika Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hasira ambazo ni zetu.

Hadithi hiyo tuisome yote. Ameipokea Abu Daud: watoto waamrishwe sala wakifika miaka saba, wapigwe kwa ajili yake wakifika kumi, na watenganishwe malazi. Basi tupige hesabu. Kati ya saba na kumi ipo miaka mitatu, na kila siku ina sala tano. Mzazi anatakiwa amwite mwanawe kwa mdomo zaidi ya mara elfu tano kabla hajafikiria kunyanyua mkono. Ni nani kati ya wanaoitaja Hadithi hii aliyemwita mwanawe hata mara mia? Wengi wetu Alfajiri inatukuta tumelala, mtoto naye amelala, halafu siku moja baba anaamka na uchungu wa kukosa kibarua, ndipo anakumbuka kwamba mtoto hasali. Wanavyuoni walioipokea amri hiyo ya kupiga hawakuiacha wazi. Wameiwekea masharti: pigo lisijeruhi wala kuacha alama, lisifike usoni, lisitoke kwenye hasira, wala lisitolewe pale ambapo halitarajiwi kuleta faida. Katika Bukhari na Muslim imo Hadithi inayokataza kuzidisha mapigo kumi nje ya adhabu zilizowekwa na sheria ya Mwenyezi Mungu, na Ibn Abi Zayd wa Qayrawan, mwanachuoni mkubwa wa Kimaliki, alimwekea mwalimu mpaka wa mapigo matatu. Tena maneno ya Hadithi ile ya Abu Daud yanahusu sala. Hayakutaja sahani iliyovunjika, wala maji yaliyomwagika njiani kutoka bombani, wala mtoto wa miaka minne aliyekojoa kitandani. Anayemchapa wa miaka minne kwa Hadithi ya miaka kumi amemsingizia Mtume.

Kisha tumtazame Mtume mwenyewe, maana yeye ndiye ufafanuzi wa maneno yake. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, amesimulia katika Muslim kwamba hakuwahi kupiga kitu chochote kwa mkono wake, si mwanamke wala mtumishi, isipokuwa alipokuwa vitani katika njia ya Allah. Anas bin Malik aliingia nyumbani kwake akiwa mtoto, akamtumikia miaka kumi, na ushahidi wake ni kwamba hakuwahi kuambiwa hata neno la kukemewa kwa jambo alilolifanya au aliloliacha. Mtoto akae miaka kumi bila kuvunja kitu, bila kuchelewa anapotumwa, bila kuchezea njiani? Haiwezekani, na Anas mwenyewe amesimulia kwamba aliwahi kutumwa akaishia kwa watoto waliokuwa wakicheza sokoni. Mtume akamfuata, akamshika kisogoni kwa nyuma, akamwita kwa jina la kumdekeza huku akicheka. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa wapokezi wakubwa wa Hadithi katika umma huu. Na katika Sura Aal Imran, aya ya 159, Mwenyezi Mungu anamfahamisha Mtume wake kwamba lau angekuwa mkali mwenye moyo mgumu, watu wangelimkimbia. Wangelimkimbia yeye, aliyekuwa akiteremshiwa wahyi. Sisi tunadhani tutabaki na nani?

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: je, fimbo inafaa? Anayeitetea ana ushahidi wake, na tumpe haki yake. Anachapa, na mtoto ananyamaza papo hapo. Kelele zinakoma, daftari linafunguliwa. Hilo ni kweli, hata tafiti hazilikanushi. Lakini kunyamaza mbele ya mwenye fimbo ni kitu kimoja, na kuacha ubaya ni kitu kingine. Mwaka 2011 watafiti Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha utafiti uliofanywa katika shule mbili za Afrika Magharibi. Katika moja watoto walichapwa kwa fimbo, makofi na kufinywa. Katika nyingine walikaripiwa au kutengwa kwa muda tu. Mtoto wa miaka mitatu au minne aliketishwa, kitu cha kuchezea kikawekwa nyuma yake, akaambiwa asigeuke kukitazama, kisha akaachwa peke yake. Karibu wote waligeuka, wa shule zote mbili. Fimbo haikuongeza utii hata kidogo. Tofauti ilionekana walipoulizwa kama wametazama: wale wa shule ya fimbo ndio waliodanganya zaidi, na kwa umri huo mdogo tayari walijua kuupanga uongo wao usishtukiwe. Mtoto wa miaka mitatu! Ibn Khaldun aliliandika jambo hili katika kitabu chake Muqaddima miaka zaidi ya 600 iliyopita, akasema kwamba mwanafunzi anayelelewa kwa ukali na kutezwa nguvu hupoteza uchangamfu, huingia katika uvivu, uongo na hila kwa kuogopa mkono utakaomshukia, na hila hizo humgeukia tabia. Huyo alikuwa kadhi na mwanachuoni wa Kiislamu, hakuwa mfanyakazi wa shirika la misaada.

Kwetu sisi hili ni zito kuliko kwa watu wengine, kwa sababu dini yetu imejengwa juu ya kile anachokifanya mtu akiwa peke yake. Jibril alipomuuliza Mtume kuhusu ihsani, jibu lilikuwa kumwabudu Mwenyezi Mungu kama vile unamwona, kwani ikiwa wewe humwoni, Yeye anakuona. Hilo ndilo tunalotaka limkae mtoto moyoni. Fimbo inamkalisha kitu kingine: amtazame baba, ajue baba yuko wapi, amerudi au hajarudi. Mtoto aliyelelewa hivyo anakuwa mtaalamu wa nyayo za baba yake. Kisha anafika miaka kumi na sita, anapanda basi kwenda Lilongwe kutafuta kazi ya dukani, na huko hakuna baba, hakuna ustadhi, hakuna jirani anayemjua. Tunashangaa kwamba sala imekatika wiki ya kwanza. Ilikatika zamani, ndugu zangu. Tulichokuwa tukikiona madrasa ni mwili uliokuwa ukisujudu kwa kuogopa mboko.

Wengine husema: sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Neno hili linasemwa kwa fahari, na ndani yake kuna heshima kwa wazazi ambayo siidharau. Lakini halithibitishi kitu. Waliochapwa wakaharibika hawapo barazani kutoa ushahidi wao. Wengine hawataki kuuona mlango wa msikiti mpaka leo kwa sababu ya mwalimu mmoja. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti 75 zilizohusu watoto wapatao 160,000, tena kuhusu pigo dogo la kiganja tu, si waya wala mpira wa baiskeli, wakakuta kwamba kadiri mtoto anavyopigwa ndivyo anavyoelekea kuwa mkaidi, mgomvi na mwenye huzuni. Atasema mtu kwamba wakaidi ndio wanaopigwa sana, hivyo ukaidi umetangulia fimbo. Pingamizi hilo ni la haki. Kwa ajili hiyo zilipitiwa tafiti nyingine 69 zilizowafuatilia watoto kwa miaka, na matokeo yakatolewa katika jarida la Lancet mwaka 2021: tabia mbaya ziliongezeka baada ya kupigwa, na pigo halikuonyesha kuleta nafuu yoyote. Atasema tena kwamba hao ni watoto wa Ulaya na Marekani. Basi Tanzania nako, katika utafiti wa wanafunzi wa shule ya msingi uliotolewa mwaka 2014, zaidi ya tisa katika kila kumi waliwahi kupigwa, na waliopigwa zaidi ndio waliokuwa na ugomvi zaidi na huruma pungufu kwa wenzao.

Sheria ya Tanzania bado inaruhusu viboko shuleni, visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule na kwa kuandikwa kitabuni. Mpaka huo ulikuwepo Agosti 2018, pale mwanafunzi wa darasa la tano katika Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alipotuhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu, akapigwa, akafa. Machi 2019 Mahakama Kuu ikamhukumu mwalimu aliyempiga adhabu ya kunyongwa. Mtoto amekwenda, na familia mbili zikaingia msibani. Hakuna anayeamka asubuhi akiwa amekusudia kuua mtoto. Hasira haijui kuhesabu hadi nne, na ndiyo maana wanavyuoni walikataza kupiga kwa hasira, sharti ambalo likitimizwa kwa kweli, mapigo karibu yote tunayoyasikia kambini yangekoma leo hii.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Wazungu, ya kutuharibia mila. Sisemi wazee wetu hawakuwahi kumchapa mtoto. Lakini mnajua nani alileta hamsa ishirini katika Tanganyika: utawala wa Wajerumani, viboko 25 kwa mtu mzima aliyelazwa kifudifudi. Wazee wa Kongo wanajua chikoti, mjeledi wa ngozi ya kiboko uliotumika enzi za mfalme Leopold na ukaendelea chini ya Wabelgiji. Mtu mzima alichapwa mbele ya mkewe ili azoee kuinamisha kichwa. Ndicho kifaa kilichoingia darasani, na leo tunakitetea kama urithi wa mababu zetu waliochapwa nacho. Na hapa tulipo, kabla ya kufunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, palikuwa gereza, na walifungwa hapa wapinzani wa Rais Kamuzu Banda. Mei 2023 polisi walipoingia madukani na majumbani kwetu Lilongwe, wakakusanya watu kwa mamia, na watoto wakapitishwa gereza la Maula kabla ya kuletwa huku, tulilia kwa sauti moja kwamba nguvu zimetumika kwa wasio na pa kukimbilia. Tulikuwa na haki ya kulia. Lakini mtoto wa miaka sita ndani ya chumba kimoja, mlango umefungwa kwa ndani, naye anakimbilia wapi? Katiba ya Malawi, kifungu cha 19, inakataza adhabu ya viboko katika mahakama na mbele ya chombo chochote cha dola. Mwizi aliyehukumiwa Lilongwe hachapwi. Aliyebaki kuchapwa ni mtoto wetu.

Hoja iliyobaki ni ya walimu, nayo naiheshimu kuliko zote. Ustadhi mmoja ana watoto themanini, mia, mkeka hautoshi, misahafu haitoshi, na wazazi wanamwachia mtoto kwa lile neno la kwamba nyama ni yako, mifupa ndiyo yangu. Afanye nini bila fimbo? Wilaya ya Luwero, Uganda, shule 42 zilishiriki jaribio lililotolewa mwaka 2015: katika nusu ya shule hizo walimu walifundishwa njia nyingine, pamoja na wanafunzi na uongozi, na katika nusu nyingine hawakufundishwa. Katika shule zilizofundishwa, watoto waliosema wamepigwa katika wiki iliyotangulia kuulizwa walikuwa asilimia 31. Katika nyingine, 49. Shule hizo za Uganda nazo zina madarasa yaliyojaa, na masomo hayakuporomoka. Basi lawama hapa nawageuzia wazazi. Mnataka ustadhi apange watoto kwa vikundi, wakubwa wawasomeshe wadogo, aketi na mzazi kila mtoto anapokosa, na wakati huohuo hamumlipi. Ada ya mwezi mnaiona nzito, vocha ya simu hamuioni nzito. Mtu mwenye njaa aliyeachiwa watoto mia atashika fimbo, na dhambi yake mtagawana naye.

Msiniambie kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtoto hulia anaponyimwa simu, anaporudishwa kusafisha alichochafua, anapoambiwa hatatoka kwenda uwanjani leo. Mwache alie kwa hayo. Ni kazi ngumu kuliko fimbo, inataka mzazi awepo, akumbuke leo alichokisema jana, na asiahidi asichokitimiza. Luqman, ambaye sura moja ya Qur'ani imepewa jina lake, alimfundisha mwanawe tauhidi, sala, subira na kushusha sauti, na akizungumza naye alimwita kwa neno la upole.

Na aliyekwishapiga? Abu Masud al-Badri alikuwa akimchapa mtumwa wake kijana kwa mjeledi, akasikia sauti nyuma yake, na kwa hasira aliyokuwa nayo hakuitambua. Sauti ilipomkaribia akaona ni Mtume, akimkumbusha kwamba Mwenyezi Mungu ana uwezo juu yake zaidi ya uwezo alionao yeye juu ya kijana yule. Mjeledi ukaanguka. Abu Masud hakujitetea, hakutaja kosa la kijana. Alimwacha huru palepale, na Mtume akamwambia kwamba asingefanya hivyo, Moto ungemgusa. Imo katika Muslim. Mtoto wako si mtumwa hata umwache huru. Una njia ya kuketi naye usiku wa leo kabla hajalala, umtaje kwa jina, umwambie kwamba ulimdhulumu, na umwombe radhi.