HAYA ISIYOKUWA HAYA
Nasaha kwa mtu mzima aonaye aibu kujifunza

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mwenye kufungua nyoyo zilizofungika, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na ahali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya haya.

Enyi ndugu zangu Waislamu, usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe, alinijia mtu mmoja katika wavuvi wa kisiwa chetu cha Fundo, umri wake wakaribia miaka hamsini. Alingoja hatta watu wakatoka msikitini, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Maalim, mimi Alhamdu siijui sawasawa. Husogeza midomo tu." Nikamwuliza kwa nini hakuja zamani. Akasema: "Nalikuja, Maalim, yapata miaka ishirini. Vijana wa chuoni wakanicheka, nawe ulikuwapo, ukanyamaza. Tangu siku ile sikurudi."

Maneno hayo yalinikata maini. Yeye aliichukua siku ile moyoni miaka ishirini, na mimi siikumbuki hatta kidogo.

Basi tazameni ajabu hii. Mtu huyu hutoka usiku na ngalawa yake katika mlango wa Fundo, maji ya bamvua yaenda kasi, wala moyo wake hautetemeki. Walakini kicheko cha watoto kilimshinda. Je, huyo ni mwoga? Hasha. Ushujaa anao, illa wa chuoni bado hajauzoea. Na huo wa baharini hakuzaliwa nao. Alianza mtoto, akitoa maji chomboni. Akatapika, akakosea kushika usukani, akakemewa na wazee, na kesho yake akapanda tena. Lau angaliona haya siku aliyotapika, leo asingalikuwa nahodha. Kwa nini basi aliyoyastahimili kwa ajili ya samaki asiyastahimili kwa ajili ya sala yake?

Yuko atakayesema: "Haya ni katika imani, ndivyo tulivyofundishwa." Ni kweli. Walakini haya iliyosifiwa ni ile imzuiayo mtu na maovu. Ama ile imzuiayo na wajibu wake, hiyo si haya, ni udhaifu uliovaa kanzu ya haya. Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Ikiwa wao waliuliza, sisi wanaume tuna udhuru gani?

Na jambo lenyewe si dogo. Katika madhehebu ya Imamu wetu Shafii, Fatiha ni nguzo ya sala katika kila rakaa, kwa aya zake saba na shadda zake kumi na nne. Mwenye kusema "an'amtu" badala ya "an'amta" amegeuza maana, akawa kama asemaye kuwa neema zatoka kwake yeye. Asiyeweza kabisa, sharia imemshushia daraja kwa daraja: asome aya nyingine saba, akikosa, amtaje Mungu kwa dhikri, akikosa na hiyo, asimame kwa kadiri ya kisomo chake. Walakini aliyeweza kujifunza asijifunze, sala yake haisihi, na zamlazimu kuzirudia.

Nalimweleza mtu yule hukumu hii na huku naona uzito, kwani katika mzigo wake nami nina sehemu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi tuanze leo." Ndugu zangu, hiyo ndiyo himma. Himma si kujisifu kuwa hukosei. Himma ni kuujua upungufu wako usikate tamaa, ukashika lililo mbele yako.

Wala msidhani elimu ni ya watoto peke yao. Imamu Bukhari ametaja ya kwamba Masahaba walijifunza na hali umri wao umekuwa mkubwa. Na katika maimamu wa madhehebu yetu yuko Al-Qaffal wa Marw, aliyekufa mwaka wa Hijra 417, yaani 1026. Aliitwa Qaffal kwa sababu kazi yake ilikuwa kufua makufuli, na katika ufundi huo alikuwa hodari. Alipofika kama miaka 30 ndipo alipoanza kutafuta elimu, akawa mkuu wa wanazuoni wa Kishafii wa Khurasani. Mikono iliyozoea nyundo ikazoea kalamu.

Basi mwenye kutaka kuanza, nampa nasaha nne. Kwanza, atie nia kwa ajili ya Mungu, si kwa ajili ya macho ya watu; ajifunzaye kwa ajili ya watu, watu ndio watakaomrudisha nyuma. Pili, achukue kidogo, hatta aya moja kwa siku tatu, asiiache mpaka ulimi umeinyoka. Tatu, akikosea asihuzunike, kwani Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametubashiria ya kwamba asomaye kwa taabu na kusitasita ana ujira mara mbili. Nne, siku akikosa kuja kwa sababu ya bahari au maradhi, asiseme "yameniharibikia". Na aje siku ya pili. Kamba ikikatika hufungwa fundo, haitupwi.

Na enyi mnaojua, jihadharini. Kicheko chako ni cha punde, na mwenzako chaweza kumweka mbali na Kurani miaka ishirini. Nanyi walimu wenzangu, kunyamaza kwenu ni kama kucheka.

Mtu yule sasa yuko katika aya ya mwisho. Bado huteleza, akarudi, akateleza tena. Na baada ya kila sala ya faradhi huongeza moja katika zile za zamani. Mwenye hali kama yake na aje, baada ya alfajiri au baada ya isha, mlango u wazi. Wanafunzi hawatamcheka, kwani adabu hiyo wamekwisha kufundishwa, na aliyeanza kufundishwa ni mwalimu wao.

Ewe Mola wetu, tupe nyoyo zisizochoka, na utusamehe tuliyoyanyamazia. Amin.