Ubao wa Pikipiki

Mjomba wangu ni fundi cherehani wa Ujiji, na mguu wake wa kushoto, kuanzia chini ya goti, ni wa bandia. Alitengenezewa hospitali ya KCMC, Moshi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nyumbani. Wateja wake wengi hawajui. Huvaa kanzu ndefu, hutembea polepole, na watu hudhani ni utu uzima.

Siku moja tulikuwa tunakwenda harusini Mwamgongo, kijiji kilicho jirani kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe. Boti za huko huondokea Kibirizi. Anayepakumbuka Kibirizi pa siku hizo anajua watu walivyopanda: boti ilisimama pale maji yalipofika mapajani, nawe ama ulipandisha nguo na kutembea majini, ama ulimpa kijana hela kidogo akubebe mabegani. Mjomba alilipa nauli kimya. Nikamnong'oneza, "Mjomba, tuwaambie." Akanijibu, "Niwaambie nini? Mimi si mzigo."

Akakataa kubebwa, kwa kuwa ukiwa mabegani mwa mtu miguu huning'inia mbele za watu. Akakataa kupandisha kanzu. Akaingia majini nayo vivyo hivyo. Kanzu ikalowa ikamzonga, maji yakaingia kwenye soksi ya ule mguu, ukalegea. Aliposhika ukingo ili ajivute, wimbi likainua boti. Mwili ukaenda, mguu ukabaki. Akaanguka, mkono wa kulia ukatangulia kwenye jiwe.

Vijana walipiga mbizi wakautoa mguu, umepasuka pale kigutu kinapoingia. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Wiki sita fundi hakugusa cherehani, na msimu wa harusi ndio huo.

Nahodha alishuka mbio, amefadhaika kweli. "Mzee wangu, mbona hukusema?"

Mjomba, ameketi mchangani anatiririka maji, akamjibu, "Nani aliniuliza?"

Nimeyapima maneno hayo mara nyingi. Mjomba namlaumu, na nimemwambia usoni. Nahodha hawezi kuona kilicho chini ya kanzu. Mwili ni wako, siri yake unayo wewe, na mahali pa kuitoa ni pale unapolipa nauli, maji yakiwa bado mbali: "Ngazi napanda, kusimama majini siwezi." Sentensi moja. Nami nina sehemu yangu katika lawama hiyo, maana nilinong'ona palipohitaji sauti.

Lakini mizani haiko sawa. Tukiwa bado tunatafuta gari la kwenda hospitali, ilifika pikipiki ya mtu wa Kagunga. Vijana wakaivuta boti hadi ikagusa mchanga, wakachomoa ubao mpana chini ya mizigo, wakauegemeza, pikipiki ikapanda kavu. Ubao ulikuwepo muda wote! Mjomba hakuuomba kwa sababu hakujua kama upo. Atauombaje mtu asiyeujua? Aliyeujua ni mwenye boti, na hakuna aliyemfundisha kwamba goti la mtu nalo linastahili ubao.

Nilimuuliza mwenye boti kwa nini watu hawawekewi ubao. Akaniambia kwa upole kwamba walemavu hawapandi boti yake. Ni kweli hawapandi, kwa kuwa maji yamekwisha kuwarudisha nyumbani kabla hajawaona.

Mazoea haya ya kupandia majini ni ya Ziwa Tanganyika zima, tena ya siku nyingi. Liemba, meli iliyozamishwa na Wajerumani mwaka 1916, ikainuliwa 1924 na kurudi kazini 1927, ilipita kwa miaka na miaka kwenye vijiji visivyo na gati. Mitumbwi iliifuata majini, mara nyingi usiku, na abiria wakakwea kwa nguvu za mikono. Watu waliweza kuitoa meli nzima chini ya maji. Siamini kwamba bibi mwenye miguu mibovu ndiye aliyetushinda kumpandisha. Nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010, inayotambua haki yao ya kuzifikia huduma zinazotolewa kwa umma, na boti inayopokea nauli ya kila mtu ni huduma kama hizo.

Miezi mitatu baadaye tulirudi Kibirizi kwenda kumwona bwana harusi na mkewe. Mjomba alikuwa na magongo. Mguu mpya ulikuwa bado. Kanzu ameikunja hadi gotini. Alianza kuita tukiwa bado huku juu penye mchanga mkavu: "Nahodha! Nina mguu mmoja. Niletee ule ubao wa pikipiki."

Boti ikavutwa, ubao ukaletwa, akapanda, kijana mmoja akimshika kiuno. Walipoinama kuutoa, bibi mmoja aliyekuwa amejitenga pembeni na kapu lake la dagaa akasema, "Wanangu, msiutoe." Akaukanyaga ubao taratibu. Nyuma yake akaja mama mjamzito, kisha mwingine aliyebeba mtoto mgongoni.