Bei ya Jioni

Soko ni shule isiyo na kuta. Katika shule hiyo hapana kengele wala cheti, lakini kila aingiaye hupewa mtihani, na msahihishaji wake ni dhamiri. Nataka kueleza mtihani mmoja niliopewa mimi katika mji wa Kisii, ili msomaji aamue mwenyewe kama nilishinda au nilianguka.

Nchi ya Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima, yenye rutuba nyingi, mvua nyingi na watu wengi. Mashamba yamegawanywa baina ya wana na wajukuu hata mengine yamekuwa madogo kama ua wa nyumba. Kwa hiyo mkungu wa ndizi katika nchi hii si mzigo wa majani na maganda tu. Ndani yake mna chumvi, sabuni, daftari la mtoto na nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali.

Siku za Jumatatu na Alhamisi watu humiminika katika soko la Daraja Mbili. Wanawake hufika alfajiri na mizigo vichwani. Wengine hushuka katika matatu, wengine juu ya pikipiki. Huku utaona managu na saga zimefungwa vitita. Kule mahindi na maharagwe yanapimwa kwa gorogoro. Mbele kidogo, viazi vitamu, miwa, parachichi, kuku waliofungwa miguu, na nguo za mitumba zilizotandazwa juu ya turubai. Wachuuzi huita, wachukuzi huomba njia, na wazee husimama katikati ya msongamano kuulizana habari za nyumbani kana kwamba wako peke yao.

Mahindi yana gorogoro, lakini mkungu wa ndizi hauna kipimo. Hununuliwa kwa jicho na ulimi. Muuzaji hutaja bei ya juu, mnunuzi hutaja ya chini, nao hukutana katikati. Wako wasemao kwamba kupatana bei ni kudanganyana. Mimi sioni hivyo. Bei ya kwanza ni kama hodi mlangoni: wote wawili wanajua kwamba si neno la mwisho. Hapana uongo pale ambapo hapana anayedanganyika. Tena katika kupatana bei watu hutaniana, hujuana, na wakati mwingine hupata undugu.

Basi Alhamisi moja nilikwenda sokoni saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimeusikia ushauri wa wajanja, kwamba mwenye akili hanunui asubuhi. Mawingu yalikuwa yametanda, kama ilivyo desturi ya alasiri za huko, na upepo ulianza kupeperusha maturubai. Nilimkuta mama mmoja mzee amebakiwa na mkungu mmoja, mkubwa na mzuri.

“Huu ni bei gani, mama?” nilimwuliza.

“Mia sita, mwanangu.”

Nilimpa mia mbili na hamsini. Alicheka, akashuka hadi mia tano. Kisha mia nne. Mimi sikusogea. Nilitazama juu, naye akatazama juu. Matone ya kwanza yakaanguka. Nikageuka kama mtu anayekwenda zake, na kabla sijapiga hatua ya tatu alisema kwa sauti ndogo, “Chukua, mwanangu.” Nilimlipa, nikambebesha mchukuzi mkungu wangu, nikaondoka nikijiona hodari. Lakini nilipofika nyumbani furaha ile ilikuwa imekwisha, na nilishindwa kujua imekwenda wapi.

Hapa ndipo lilipo swali letu: je, bei ambayo watu wawili wameikubali ni bei ya haki daima?

Mtetezi wangu angeweza kusema mengi. Hakuna aliyemlazimisha mama yule. Angeweza kukataa. Ndizi zikiwa nyingi bei hushuka, zikiwa chache hupanda, na sheria hiyo haikutungwa na mimi. Isitoshe, kama nisingalinunua, labda angalirudi na mzigo wake kwenye mvua, au angaliuacha pale bila senti. Basi mimi nilikuwa mfadhili wake!

Hoja hizi zina nguvu, lakini zimechanganya mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa. Jambo moja ni hali ya kitu. Jambo jingine ni hali ya mtu. Ndizi zikijaa sokoni, hali ya kitu imebadilika, na bei yaweza kushuka bila mtu kudhulumiwa. Lakini mkungu ule saa kumi na moja ulikuwa ni ule ule wa asubuhi. Kilichobadilika ni kwamba mwenyewe alikuwa amechoka, mvua ilikuwa inakuja, na njia ya kwao ilikuwa ndefu. Mimi sikupunguziwa bei na wingi wa ndizi. Nilipunguziwa na hofu ya mzee.

Nimepata kipimo chepesi cha kutambua tofauti hiyo. Mnunuzi na ajiulize kama anaweza kumwambia muuzaji waziwazi sababu ya bei yake. Kama ningalisema, “Mama, nakupa mia mbili na hamsini kwa sababu ndizi ni nyingi leo,” angaliweza kunijibu na kubishana nami. Lakini ningaliwezaje kusema, “Nakupa kiasi hiki kwa sababu naona unaogopa giza”? Bei ambayo sababu yake haitamkiki mbele ya mwenye mali ina kasoro, hata kama imekubaliwa.

Wazo hili si geni duniani. Mtume Muhammad aliwakataza watu kuwapokea wenye bidhaa njiani kabla hawajafika sokoni, maana mgeni asiyejua bei ya soko ni rahisi kupunjwa. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli waliopunguza vipimo na kuwageuza maskini kuwa bidhaa. Nasi tunao madalali wanaowangojea wakulima barabarani, wakanunua mikungu kwa bei ndogo na kuipakia katika malori ya kwenda Nairobi. Siku hizi mkulima mwenye simu aweza kuuliza bei ya mjini kabla ya kuuza, na ujinga wa bei umepungua. Lakini simu haizuii mvua. Wala haizuii Ijumaa kuchwa, wakati Waadventista, ambao ni wengi katika nchi hii, wanapotaka kumaliza biashara kabla ya Sabato kuingia, na mnunuzi mwerevu anajua hivyo.

Si kwamba kila anunuaye jioni ni mkosaji. Wako akina mama wanaokuja saa hiyo kwa sababu fedha yao haitoshi bei ya asubuhi, na watoto wanangoja chakula. Dhiki ikikutana na dhiki, hatuna haki ya kuhukumu. Wala wauzaji si malaika wote: wako wanaobonyeza kitako cha gorogoro ili ipokee kidogo, na wanaofunika mboga zilizonyauka kwa mbichi. Lakini mimi sikuwa na dhiki, na mama yule hakunificha kitu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema; nami niliona njaa ya mwenzangu nikaifanya mtaji.

Mji wa Keroka umekaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira, na tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013 kumekuwa na mabishano juu ya nani atoze ushuru wa soko lake. Ushuru umepata serikali mbili za kuugombania; mkungu wa jioni hauna hata askari mmoja wa kuulinda. Ulinzi wake umo moyoni mwa mnunuzi, au haupo kabisa.

Alhamisi iliyofuata nilirudi Daraja Mbili, nikamtafuta mama yule hata nikamwona. Nilimwamkia, nikamnyoshea shilingi mia moja na hamsini, nikamwambia ni deni langu la juma lililopita. Alizitazama, akanitazama mimi, wala hakuzipokea.

“Mimi siombi, mwanangu,” alisema. “Nauza. Ukitaka kununua, njoo asubuhi.”

Nilirudisha fedha mfukoni kwa aibu. Nilikuwa nimefanya kosa la pili juu ya la kwanza: nilidhani kwamba haki iliyokosekana jioni inaweza kulipwa kwa sadaka asubuhi. Sadaka humfanya mpokeaji kuwa mdogo. Haki humwacha katika kimo chake. Kisha nikauliza bei ya mkungu uliokuwa mbele yake. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limewaka, na hapana kati yetu aliyekuwa na haraka. Alisema mia sita. Tulipatana kwa muda mrefu, naye hakunionea wala mimi sikumwonea.